Kompyuta Mpya, Picha za Zamani: Tarehe Hupotelea Wapi?

Ukinunua laptopu Moi Avenue, Nairobi, leo, ukaiunganisha na diski ya kompyuta uliyoitumia tangu enzi za Rais Kibaki na kunakili picha zote, huenda jioni ikakukuta umechanganyikiwa. Ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya dada yako ya mwaka 2009 imekaa katikati ya picha za juzi. Mahafali ya 2013 yametangulia ubatizo wa 2006. Folda nzima inadai kwamba kila kilichomo kilizaliwa leo, saa nane mchana, wakati ule ule ulipokuwa ukinakili. Wengi hapo humlaumu fundi, au huamini kwamba diski imeharibika. Kwa kawaida hakuna kilichoharibika. Kila picha ya dijitali hubeba tarehe zaidi ya moja, na kompyuta mpya imekuonyesha ile isiyokufaa.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu picha nyingi za familia zetu za kati ya mwaka 2000 na 2012 hazina filamu wala karatasi nyuma yake. Zilipigwa kwa kamera ndogo za dijitali na simu za mwanzo zenye kamera, zikamwagwa kwenye kompyuta moja, na hazijawahi kuchapishwa. Faili ikipotea, au ikipoteza tarehe na majina ya watu, hakuna albamu ya kurejelea. Ndiyo maana siku ya kuhamia kompyuta mpya isiwe siku ya kufuta wala kupanga. Iwe siku ya kujua nakala ziko wapi na tarehe ziko wapi. Mpango utafuata, hata kama ni baada ya miezi.

Tarehe tatu za picha moja

Tarehe ya kwanza imo ndani ya picha yenyewe. Kamera au simu inapopiga picha, huandika ndani ya faili maelezo yanayoitwa Exif: siku na saa ya kupiga, aina ya kamera, mipangilio ya lenzi, na kwa simu iliyoruhusiwa, hata mahali penyewe kwa latitudo na longitudo. Maelezo hayo husafiri na picha. Inakili mara kumi, ibadilishe jina, itoe kwenye flashi hii uiweke kwenye ile, yatabaki yalivyo.

Ya pili ni tarehe ya faili, ambayo huwekwa na mfumo endeshi wala haihusiani na kamera. Mfumo huandika siku faili ilipoundwa kwenye diski hii, na siku ilipobadilishwa mara ya mwisho. Windows inaponakili, huacha tarehe ya kubadilishwa kama ilivyokuwa, lakini tarehe ya kuundwa huwa ya leo, kwa kuwa kwenye diski mpya faili hiyo kweli imeanza leo. Ukiipakua kutoka mtandaoni, aghalabu zote mbili huwa za leo. Hapo ndipo vurugu ya folda yako ilipoanzia. Fungua folda, chagua safu ya tarehe ya kupigwa picha badala ya tarehe ya kuundwa, upange kwa safu hiyo. Sehemu kubwa ya vurugu itatulia papo hapo.

Ya tatu iko kwenye jina. IMG_20140817_153022 ni picha ya simu ya Android iliyopigwa Agosti 17, 2014, saa tisa na nusu alasiri. IMG-20140817-WA0007 inafanana nayo lakini inasema jambo jingine. WA ni WhatsApp, na tarehe hiyo ni ya siku picha ilipopitia kwenye simu, hata kama ni picha ya babu ya mwaka 1971 iliyosambazwa na binamu. WhatsApp pia huondoa maelezo ya Exif na kupunguza ukubwa wa picha, kwa hiyo hata ukitafuta tarehe ya ndani huipati. Ukitaka jamaa akutumie picha nzima pamoja na tarehe yake, mwombe aitume kama hati, si kama picha.

Kamera za zamani hazikuweka tarehe kwenye jina. Nikon iliandika DSCN, Sony ikaandika DSC, Canon ikaandika IMG, kisha nambari ya mfululizo. Hesabu ikifika 9999 hurudi mwanzo, na kamera nyingine huanza upya ukibadilisha kadi. Matokeo yake ni kwamba una IMG_0001 ya harusi na IMG_0001 ya mazishi, picha mbili tofauti zenye jina moja. Ukizitupa kwenye folda moja, kompyuta itauliza kama iandike moja juu ya nyingine, nawe kwa uchovu utasema ndiyo. Picha hufa hivyo, kimya kimya. Usichanganye vyanzo. Kila diski, kila flashi na kila CD ipate folda yake yenyewe kwenye kompyuta mpya, ikiwa na jina la mahali ilikotoka.

Kabla picha hazijaingia

Kuhusu mashine yenyewe nitasema machache. Laptopu nyingi tunazouziwa mjini ni zile za ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, imara na za bei nafuu, lakini tazama nambari ya kichakataji. i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8350U ni ya kizazi cha nane. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kwa vichakataji vya Intel, Windows 11 rasmi hutaka kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa vichache. Mashine utakayoweka picha za watoto na nakala za vitambulisho haifai kubaki bila masasisho ya usalama.

Jambo lililo zito zaidi ni akaunti. Ukiwasha Windows 11 kwa mara ya kwanza, hutaka uingie kwa akaunti ya Microsoft, na mara nyingi huziunganisha folda zako za nyaraka na picha na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, bila wewe kulitambua. Nafasi ya bure kule ni gigabaiti 5 tu. Mkusanyiko wa picha wa familia huijaza mara moja, kisha zinazobaki haziendi popote, huku wewe ukiamini zimehifadhiwa. Tena kuna faili utakazoziona kwenye kompyuta zikiwa na alama ya wingu: hizo zipo kwa jina tu, mwili wake uko mtandaoni, na bila bando hazifunguki.

Hapa ndipo watu wengi huumia. OneDrive, Google Photos na iCloud husawazisha. Kusawazisha ni kama kusimama mbele ya kioo: unachofanya huku kinafanyika na kule. Ukifuta picha iliyo kwenye folda ya OneDrive ya laptopu ili upate nafasi, inafutika na mtandaoni pia, na katika akaunti ya kawaida ya OneDrive itakaa kwenye pipa la taka siku 30 kisha iondoke kabisa. Sipingi huduma hizi. Zinasaidia sana simu ikiibwa kwenye matatu. Lakini haziwezi kuitwa akiba ikiwa kosa la mkono wako linazifikia nukta ile ile. Weka mkusanyiko wa zamani katika folda iliyo nje ya zile zinazosawazishwa, kwa mfano folda uliyoiunda mwenyewe moja kwa moja kwenye diski na kuiita Picha za Familia.

Kuna pia ufunguo. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 inayowekwa upya kwa akaunti ya Microsoft kwa kawaida hufunga diski nzima kwa usimbaji fiche. Mwizi hawezi kusoma kitu, na hilo ni jema. Lakini ubao mkuu ukiungua stima ilipokuja kwa kishindo, diski yako nzima itahitaji ufunguo wa tarakimu 48 ndipo isomeke kwenye mashine nyingine, na ufunguo huo umehifadhiwa ndani ya akaunti. Akaunti ya nani? Kama muuzaji alikufungulia kompyuta dukani ili akuonyeshe inafanya kazi, angalia barua pepe iliyotumika. Ikiwa si yako, anza upya kwa akaunti yako kabla hujaweka hata picha moja. Kisha uchapishe ufunguo huo kwenye karatasi na uuweke pamoja na hati za nyumba.

Kutoa picha kwenye mashine ya zamani

Kompyuta iliyokufa haimaanishi diski imekufa. Mara nyingi kilichokufa ni skrini, chaji au ubao. Luthuli Avenue na mitaa ya karibu utapata kasha dogo la kuwekea diski, lenye waya wa USB, na ukishaitia diski humo kompyuta mpya itaiona kama flashi kubwa. Tazama tu umbo lake: diski ya inchi 2.5 na ile nyembamba ya M.2 inayofanana na kipande cha kadi hutumia makasha tofauti. Fundi anaweza kukufanyia, lakini napendelea ununue kasha ufanyie nyumbani, maana picha za familia si kitu cha kuachwa kaunta usiku kucha. Ikikuambia huna ruhusa ya kufungua folda ya mtumiaji wa zamani, kubali iendelee, itachukua muda kidogo kisha ifunguke.

Diski ikigongagonga au kukwaruza, izime. Usijaribu tena na tena, kwani kila mzunguko waweza kuichubua zaidi. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data, na ni ghali, basi ulipie zile zisizo na nakala popote.

CD zisomwe kwanza kuliko vyote. Kabla ya kebo ya intaneti ya SEACOM, ipitayo chini ya bahari, kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia satelaiti, ikiwa ya polepole na ya bei ya juu, na hakuna aliyewaza kupandisha albamu mtandaoni. Studio na saiba zilikuchomea CD. Rangi ya kemikali inayoshika data kwenye CD hizo hufifia kwa joto na mwanga, na nyingi sasa zina umri wa kutosha kuwa zimeanza kugoma. Laptopu mpya hazina tena tundu la CD, kwa hivyo tafuta kisomeo cha USB, uazime ikibidi.

Nakili, usihamishe. Tofauti ni kwamba ukinakili na stima ipotee katikati, ya asili bado ipo. Ukimaliza, linganisha idadi ya faili na jumla ya baiti pande zote mbili. Namba zikipishana hata kwa moja, rudia. Na hadi hapo usifute chochote huko kulikotoka.

Kurekebisha tarehe, na mji kama shahidi

Kosa la kawaida la tarehe za ndani ni saa ya kamera. Kamera ndogo ikiishiwa betri kwa muda mrefu ilirudi kwenye tarehe ya kiwandani, na wengi wetu tulibonyeza tu ili tuendelee kupiga. Ukiona mamia ya picha zinazoanzia Januari 1 ya mwaka fulani, shuku. Habari njema ni kwamba kosa hilo lina mpangilio: saa ilikuwa mbaya, lakini iliendelea kutembea sawasawa. Ukijua tarehe ya kweli ya picha moja, unajua za zote zilizopigwa kabla betri haijafa tena.

Chukua picha ya sherehe ya kutangazwa kwa Katiba mpya, Uhuru Park. Siku hiyo haina ubishi: Agosti 27, 2010. Kama kamera inasema Januari 1, 2008, tofauti ni siku 969, na folda nzima inasogezwa mbele kwa siku hizo. Tumia siku, si miezi, kwa kuwa miezi haina urefu mmoja. digiKam, programu ya bure, ina sehemu ya kusogeza muda wa picha nyingi kwa pamoja. Anayeweza kuandika amri atumie ExifTool ya Phil Harvey, ambayo bila kuambiwa huacha nakala ya asili pembeni ya kila faili iliyoguswa.

Na pale ambapo hakuna tarehe kabisa, kama kwenye picha za WhatsApp au za karatasi ulizopiga upya kwa simu, Nairobi yenyewe hushuhudia. Mimi husoma nyuma ya watu kabla ya kuwasoma watu. Matatu isiyo na mstari wa manjano ubavuni pengine ni ya kabla ya kanuni za Waziri John Michuki kuanza kutekelezwa Februari 2004. Kibanda cha M-Pesa nyuma ya shangazi kinasema picha haikutangulia Machi 2007. Thika Road ikiwa imechimbuliwa, vumbi tupu na magari yakijipenyeza, uko kati ya 2009 na 2012. Mtu aliyebeba mboga kwenye mfuko wa juala bila wasiwasi pengine anatembea kabla ya Agosti 28, 2017, siku marufuku ya mifuko hiyo ilipoanza. Barakoa zinakuambia 2020 au baadaye. Nguzo za Expressway juu ya Mombasa Road zikiwa zimekamilika na magari yakipita juu, ni Mei 2022 au baadaye. Hata nambari za magari husaidia: kama kuna KCA kwenye maegesho, hiyo si picha ya siku ambapo KBA ndiyo ilikuwa mpya mjini.

Ushahidi wa aina hii hukupa mpaka, si siku. Basi usilazimishe siku. Kuandika ndani ya Exif Januari 1, 1994 kwa sababu tu mwaka unaujua ni kumdanganya atakayekuja baada yako, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba ulibahatisha. Afadhali folda iitwe 1994 hivi, Kariobangi, na maelezo yaseme ulivyojua. Picha zenye tarehe ya uhakika ziingie kwenye folda zinazoanza na mwaka na mwezi, kama 2009-12 Ruracio, kwa sababu kompyuta ikizipanga kwa alfabeti zitajipanga kwa wakati.

Majina ya watu ndiyo yasiyotafutika popote isipokuwa kwa watu. Programu itatambua kwamba uso huu ni ule ule wa picha arobaini, lakini haiwezi kujua kwamba ni mama mdogo aliyehamia Eldoret. Unganisha laptopu na televisheni Jumapili baada ya chakula, mwite nyanya aketi karibu, washa kinasa sauti cha simu. Ukimwuliza, "Nyanya, huyu aliyembeba baba ni nani?" hatakupa jina tu. Atakuambia nyumba ilikuwa Makadara au Kaloleni, nani alikuwa ametoka kuajiriwa reli, na kwa nini mjomba hayupo. Fanya hivi mapema, hata kabla ya kupanga folda. Kazi nyingine nyingi kwenye makala haya zinaweza kungoja mwaka, hii haiwezi. Kisha andika maelezo hayo ndani ya picha zenyewe: katika digiKam kuna mpangilio wa kuyahifadhi ndani ya faili, hakikisha umewashwa. Yakibaki kwenye kumbukumbu ya programu pekee, hayatahamia kompyuta ijayo. Google Photos ina tatizo kama hilo. Tarehe uliyoisahihisha humo haiandikwi ndani ya picha; ukipakua mkusanyiko wako wote kupitia Takeout, masahihisho huja kwenye faili za pembeni za JSON, kwa hiyo usizitupe ukidhani ni takataka.

Nakala zilizojirudia

Sasa, na ni sasa tu, waweza kupunguza. Kuna marudio ya aina mbili. Nakala halisi ni faili zinazolingana baiti kwa baiti. Programu kama dupeGuru hukokotoa kutoka kila faili msimbo mfupi ambao hubadilika hata herufi moja ikibadilika, kisha hulinganisha misimbo. Ikisema ni sawa, ni sawa, futa moja bila hofu. Nyingine ni zinazofanana tu: picha ya kamera na ile ile iliyopitia WhatsApp, au picha tano za kundi moja zilizofuatana. Hapo mashine inakisia. Acha ile yenye vipimo vikubwa na tarehe ya ndani, na kwa picha za kundi ningekusihi usifute sana. Ile ambayo babu amefumba macho huenda ndiyo pekee ambayo bibi anacheka.

Akiba na diski ya zamani

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye anayetajwa kwa kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwetu inawezekana bila gharama kubwa: laptopu, diski ya nje kabatini, na diski nyingine ushago au kwa dada anayeishi mtaa mwingine, mkibadilishana kila mnapoonana. Kwa diski ya kukaa kabatini, chagua ile ya kawaida inayozunguka badala ya SSD au flashi, kwa sababu hizo hushika data kwa chaji ya umeme inayovuja polepole zisipowashwa kwa miaka. Iwashe angalau mara moja kwa mwaka, ufungue picha kadhaa. Wingu laweza kuwa chombo cha pili, lakini piga hesabu kwanza: gigabaiti 100 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni kama saa 44 bila kukatika, na Google hutoa bure gigabaiti 15 tu, zinazogawanywa na barua pepe zako. Nafasi isiyo na kikomo waliyokuwa wakiitoa kwa picha iliisha Juni 1, 2021. Google pia yaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, kwa hivyo ikiwa picha za marehemu ziko kwenye akaunti yake, zipakue sasa.

Diski ya zamani isiuzwe wala kutolewa mpaka nakala ya pili imefunguliwa na kukaguliwa kwenye kompyuta nyingine. Halafu ifutwe kweli, kwani kuisafisha kwa haraka huondoa orodha ya faili tu, na kwenye diski inayozunguka picha zenyewe hubaki zikisomeka kwa yeyote mwenye programu ya kuokoa. Windows ikirejeshwa upya ina chaguo la kusafisha diski kikamilifu. Huchukua saa kadhaa, iache iendelee usiku ikiwa kwenye chaji. Diski isiyowaka tena haiwezi kufutwa hivyo. Itobolewe kwa keekee kupitia sahani zake, au ikiwa ni SSD kupitia kila chipu yake, ndipo ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.